Winga Mmoja, Timu Mbili: Mwaka 1955 wa Tony O'Reilly

Januari 22, 1955, Ireland ilimwingiza kikosini kijana wa miaka 18 aliyekuwa ametoka shule muda mfupi tu uliopita na kucheza mechi chache mno za klabu. Jina lake Tony O'Reilly. Mechi ilichezwa Lansdowne Road, Dublin, na Ufaransa ikashinda 5-3. Mambo hayakutengemaa baada ya hapo: Ireland ilimaliza mashindano ya Mataifa Matano ya mwaka huo bila kushinda mechi hata moja, ikaambulia sare ya 6-6 na Uingereza na kushika mkia. Miezi sita na nusu baada ya ile mechi ya Dublin, Agosti 6, kijana huyo huyo alikuwa Ellis Park, Johannesburg, mbele ya watazamaji wapatao 95,000, akiifungia British Lions, timu ya ziara inayochanganya wachezaji wa Uingereza, Uskoti, Wales na Ireland, katika ushindi wa 23-22 dhidi ya Afrika Kusini. Ziara ile ilipokwisha alikuwa na trai 16 katika mechi 15, na hakuna mwenzake aliyemfikia.

Wanaoandika historia ya raga hupenda kuusimulia mwaka huo kama hadithi ya kipaji kilichochanua ghafla. Kijana mrefu mwenye nywele nyekundu, futi 6 na inchi 2, mwenye mbio zisizotarajiwa kwa mtu wa kimo kile, anapanda ndege akiwa mwanagenzi na kurudi akiwa nyota. Ni hadithi tamu, ila haielezi kilichofuata. O'Reilly alirudi nyumbani na kuichezea Ireland mpaka akafikisha mechi 29, na trai alizoifungia katika mechi zote hizo zinahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja. Lions aliichezea mechi 38 katika ziara mbili na kufunga trai 38. Kama kipaji kilichanua mwaka 1955, basi kilikuwa na tabia ya kunyauka kila kilipofika Dublin na kuchanua tena kila kilipopanda ndege. Maelezo yaliyo rahisi zaidi ni kwamba kipaji kilikuwa kile kile siku zote, na kilichobadilika ni watu waliosimama kati ya O'Reilly na mpira.

Kwa msomaji asiyeufuatilia sana mchezo huu, ni vyema kueleza kwamba winga wa raga ni mtu wa mwisho katika safu. Mpira unachotwa miguuni mwa mafowadi, unapita kwa namba 9, kwa namba 10, kwa masenta wawili, ndipo umfikie yeye pembeni kabisa mwa uwanja, na akiubahatisha na nafasi ya mita chache anatakiwa akimbie akauguse chini nyuma ya mstari wa mpinzani. Hiyo ndiyo trai. Watu wanne au watano wanaweza kuiharibu kabla haijamfikia. Mmoja akichelewa, mmoja akipiga teke badala ya kupasia, mmoja akiamua kujaribu bahati yake mwenyewe, winga atasimama pale pembeni dakika 80 akipigwa na baridi. Ndiyo maana hesabu ya trai za winga haiwezi kusomwa kama hesabu ya mbio za mita 100, ambapo mtu na saa ya mwamuzi wanatosha.

Sasa tuwatazame hao watu wanne au watano. Ireland ya katikati ya miaka ya 1950 iliishi kivulini mwa timu ya 1948, iliyoshinda mechi zake zote za Mataifa Matano ikiwa na Jack Kyle kama nguzo yake. Kyle bado alikuwapo O'Reilly alipoingia, na aliendelea hadi 1958, lakini timu iliyomzunguka ilikuwa imezoea kujiokoa kwa mafowadi: kuusukuma mpira mbele kwa miguu, kuupiga nje, kugombea tena, kusubiri mpinzani akosee. Sheria za wakati ule ziliruhusu hilo. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 mchezaji aliweza kuupiga mpira moja kwa moja nje ya mstari kutoka popote uwanjani, na timu yake ikanufaika kwa umbali wote uliopatikana. Matokeo yake yalionekana hata nje ya Ireland. Mechi ya Uskoti na Wales mwaka 1963 ingali inatajwa kwa sababu mpira ulitoka nje na kurushwa tena mara 111. Jiulize mawinga wa siku hiyo waliugusa mara ngapi.

Zaidi ya mtindo, kulikuwa na suala la muda. Timu ya taifa ya Ireland haikuwa na kocha hadi Ronnie Dawson alipopewa kazi hiyo mwaka 1969. Kikosi kilichaguliwa na kamati ya watu watano, na wachezaji walikutana siku moja au mbili kabla ya mechi, kila mmoja akitoka kwenye klabu na kazi yake, wakafanya mazoezi kidogo, wakacheza, wakatawanyika. Mabadiliko yalikuwa ya kawaida mechi hadi mechi. Winga na senta wake wangeweza kuwa wamejuana kwa saa chache tu. Mambo madogo yanayozaa trai, kwa mfano senta kujua kwamba winga wake anapenda kuupokea mpira akiwa tayari kasini na si akiwa amesimama, hayafundishwi kwenye chumba cha hoteli Ijumaa jioni.

Lions ya 1955 ilikuwa kinyume cha hayo yote, ingawa nayo haikuwa na kocha wa kulipwa. Msimamizi wake, Jack Siggins wa Belfast, alitaka kikosi cha vijana. Ndiyo sababu mtoto wa miaka 19 alipata nafasi. Siku ya Ellis Park alikuwa na miaka 19 na siku 91, na hakuna aliyewahi kuichezea Lions mechi ya kimataifa akiwa na umri mdogo kuliko huo. Ilikuwa ziara ya kwanza ya Lions kusafiri kwa ndege. Wachezaji waliishi pamoja kwa miezi, wakicheza mara mbili kwa wiki, wakifanya mazoezi siku zilizobaki. Namba 10 alikuwa Cliff Morgan wa Wales, mtu aliyependa kukimbia na mpira kabla ya kufikiria teke. Senta alikuwa Jeff Butterfield wa Uingereza, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa pasi: aliutoa mpira kwa wakati, mbele kidogo ya mpokeaji, akiwa amekwisha mvuta beki upande wake. Kwa winga mwenye mbio, kukaa kando ya mtu wa namna hiyo kwa miezi kadhaa ni neema.

Na mechi ya Ellis Park inatoa ushahidi ambao mara nyingi hupitwa. Lions walifunga trai 5 siku ile, na mawinga wote wawili waliofunga, O'Reilly upande mmoja na Cecil Pedlow upande wa pili, walikuwa Waairishi. Timu iliyoshika mkia Ulaya ndiyo iliyotoa mawinga wa timu iliyoishinda Afrika Kusini nyumbani kwake. Trai tatu zilizobaki zilifungwa na Morgan, Butterfield na fowadi Jim Greenwood. Tukumbuke pia kwamba fowadi Reg Higgins aliumia, na kwa kuwa wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa enzi hizo, Lions walicheza muda mrefu wakiwa 14. Waliendelea kuupitisha mpira hadi pembeni badala ya kujifungia nyuma. Uongozi wao wa 23-11 ulimomonyoka hadi 23-22, na Jack van der Schyff akapata mkwaju wa mwisho wa kuipa Afrika Kusini ushindi. Aliukosa. Hapo palikuwa na bahati, na bahati haifichiki. Hata hivyo, bahati hiyo iliamua mshindi tu. Jinsi trai zile tano zilivyopatikana haihusiani nayo.

Hoja hii ina wapinzani, na baadhi yao wana mengi ya kusema. Wa kwanza watadai kwamba trai za ziara zilikuwa za bei rahisi, kwa kuwa mechi nyingi zilichezwa dhidi ya timu za majimbo na si timu ya taifa. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya zile 16 zilitoka huko. Lakini timu za majimbo za Afrika Kusini hazikuwa mteremko. Lions walipoteza mechi yao ya kwanza kabisa ya ziara mbele ya Western Transvaal, kisha wakalazwa na Eastern Province na Border. Muhimu zaidi, tukiziondoa mechi zote za majimbo na kubakiza zile za kimataifa peke yake, O'Reilly aliifungia Lions trai 6 katika mechi 10: mbili dhidi ya Afrika Kusini, mbili dhidi ya Australia na mbili dhidi ya New Zealand. Sita katika kumi, dhidi ya mataifa matatu ya kusini mwa dunia. Kwa Ireland hakuzifikia sita hata katika mechi karibu mara tatu ya hizo.

Wa pili wataleta suala la viwanja. Nyanda za juu za Transvaal zina ardhi kavu na ngumu, na hewa nyepesi. Mpira haunyeshewi, mikono haigandi, mwenye mbio anastawi. Dublin mwezi Februari ni tope. Sikatai, na huenda baadhi ya trai za 1955 zilisaidiwa na jua. Lakini mwaka 1959 O'Reilly alisafiri tena na Lions, safari hii chini ya nahodha Mwairishi, Ronnie Dawson yule yule, kwenda Australia, New Zealand na Kanada. Anayejua majira ya baridi ya New Zealand hatayaita makavu. Huko peke yake alifunga trai 17, na 22 katika ziara nzima. Winga wa upande wa pili, Mwingereza Peter Jackson, naye alifunga kwa wingi, dalili kwamba mpira ulikuwa unafika pembeni zote mbili. Tope halikuwazuia.

Ziara hiyo ya 1959 ina mechi inayopaswa kuwasumbua wote wanaodhani matokeo yanasimulia mchezo mzima. Dunedin, Julai 18, Lions walifunga trai 4, moja ikiwa ya O'Reilly. New Zealand haikufunga hata moja. New Zealand ikashinda 18-17, kwa mikwaju 6 ya adhabu ya Don Clarke, maana trai siku hizo ilikuwa na pointi 3 tu, sawasawa na mkwaju wa adhabu. Lions walipoteza mechi tatu kati ya nne za kimataifa huko, wakashinda ya mwisho Auckland 9-6, na O'Reilly akafunga tena. Kwa hiyo hata timu iliyojua kumlisha winga wake haikuwa na hakika ya kushinda, na wakuu wa raga wa Ireland waliopendelea mafowadi na mateke hawakuwa wajinga. Sheria na hesabu ya pointi ziliwaunga mkono. Mwaka 1958 timu yao, kwa mtindo wao ule ule, iliishinda Australia 9-6, mara ya kwanza Ireland kuiangusha timu ya ziara kutoka kusini mwa dunia. Tunachoweza kusema ni kwamba walichagua njia ambayo gharama yake ililipwa na mawinga, na kwamba si haki kumtoza O'Reilly deni hilo.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliona zito kuliko yote, nalo halihusu mbinu. Timu ya Afrika Kusini ya 1955 ilichaguliwa kutoka kwa wazungu peke yao. Wachezaji weusi na machotara, ambao walikuwa na klabu na mashindano yao, hawakuruhusiwa hata kufikiriwa. Watazamaji weusi walitengewa sehemu zao viwanjani, na wengi wao waliwashangilia wageni. Rekodi yoyote iliyowekwa kwenye ziara ile iliwekwa dhidi ya sehemu tu ya vipaji vya nchi hiyo, na Lions wenyewe hawakuonekana kusumbuliwa sana na jambo hilo. Hili linapunguza utukufu wa ziara, na linapaswa kuandikwa kila ziara hiyo inapotajwa. Ulinganisho wangu haulitegemei, kwa sababu mataifa ya Ulaya na New Zealand yalikuwa na kasoro zao za namna nyingine na bado tofauti kati ya O'Reilly wa Lions na O'Reilly wa Ireland inabaki pale pale. Ila asiyelitaja anaisafisha historia.

Afrika Mashariki yenyewe haikuwa pembeni ya picha hiyo. Lions wa 1955 walimalizia ziara yao Nairobi, katika barabara ya Ngong, kwa mechi dhidi ya kikosi kilichoitwa Afrika Mashariki, wakashinda kwa urahisi. Kenya ilikuwa ndani ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na raga ilikuwa mchezo wa walowezi na maofisa wa serikali ya kikoloni. Kikosi kilichobeba jina la eneo zima hakikuwa na Mwafrika. Lions walipita tena mwaka 1962, wakati O'Reilly hakuwamo. Uwanja ule wa barabara ya Ngong baadaye ukawa makao ya raga ya Wakenya wenyewe, na hiyo ni makala nyingine.

Kuna pia wanaosema kwamba tatizo la O'Reilly lilikuwa O'Reilly. Alikuwa na mambo mengi. Alisomea sheria, akaingia biashara, na mwaka 1962, akiwa bado katika umri mzuri wa kucheza, alikuwa ndiye bosi wa bodi ya maziwa ya Ireland iliyozindua siagi ya Kerrygold katika soko la Uingereza. Baadaye aliiongoza kampuni ya Heinz huko Marekani, akamiliki magazeti, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi yake, kisha utajiri ukamtoka na mwaka 2015 akatangazwa mufilisi. Alifariki Mei 2024 akiwa na miaka 88. Mtu mwenye maisha hayo, wanasema, hakuwa na muda wa mazoezi. Kwa miaka ya 1960 nitalikubali hilo bila ubishi. Aliporudishwa kikosini dhidi ya Uingereza mwaka 1970, baada ya miaka saba nje, alikuwa na miaka 33, na gari lake lenye dereva lilizungumziwa zaidi kuliko mbio zake. Lakini maelezo hayo hayaifikii miaka ya 1955 hadi 1959, ambayo ndiyo tunayoizungumzia. Katika miaka hiyo alikuwa mwanafunzi kisha kijana anayeanza kazi, na ziara zote mbili za trai 38 ziko humo humo. Haiwezekani uvivu uwe unampata Dublin na kumwacha Dunedin.

Ushahidi mmoja zaidi unaufunga mlango huo. Barbarians, timu ya mwaliko isiyo na uwanja wala ligi, ambayo mila yake ni kukimbia na mpira hata pale ambapo busara inashauri teke, ilimwita O'Reilly mara 30. Alifunga trai 38. Hawa hawakuwa wamekaa pamoja kwa miezi kama Lions, na hapo nalazimika kurekebisha kidogo uzito wa hoja yangu ya muda: inaelekea nia ya timu kuupeleka mpira pembeni ilikuwa na nguvu zaidi hata kuliko mazoea. Pale nia ilipokuwapo bila muda, alifunga. Pale vyote viwili vilipokuwapo, alifunga. Ireland haikuwa na kimoja wala kingine.

Raga ya Ireland ya leo imejengwa kana kwamba mtu aliisoma ripoti ya kushindwa huko. Tangu mchezo ulipokuwa wa kulipwa mwaka 1995, wachezaji wengi wa taifa hulelewa katika majimbo manne, wakaajiriwa humo, wakacheza humo mwaka mzima, kisha wakahamishiwa timu ya taifa wakiwa tayari wanajuana. Februari 1, 2025, Sam Prendergast, kijana wa miaka 21, alianza kama namba 10 katika mechi yake ya kwanza ya Mataifa Sita, dhidi ya Uingereza mjini Dublin. Kati ya wachezaji saba wa safu ya nyuma walioanza, watano, yeye mmoja wao, walitoka jimbo moja, Leinster: Jamison Gibson-Park akiwa namba 9, Garry Ringrose katikati, James Lowe pembeni, Hugo Keenan nyuma kabisa. Ireland ikashinda 27-22, na mjadala ukaanza mara moja iwapo Prendergast amemzidi Jack Crowley wa Munster, ambaye alikuwa akiishikilia nafasi hiyo. Wanaomsifu Prendergast kwa utulivu wake siku ile wanamsifu kwa haki, ila sehemu ya utulivu ule ni mali ya Leinster, na Crowley akiwekwa na safu hiyo hiyo ya jimbo lisilo lake analinganishwa akiwa mgeni kati ya wenyeji. Kamati ya watu watano ya mwaka 1955 ingeweza kusamehewa kwa kutoliona hilo. Makocha wa leo wana video ya kila pasi.